Kamera Kumi na Mbili

Filimbi ililia mara mbili. Ya tatu ilikatika katikati.

Ukungu wa Julai ulikuwa umeimeza stendi yote, na abiria wa basi la alfajiri pale Tunduma walisikia tu, hawakuona kitu. Waliotangulia kufika nyuma ya vyoo walimkuta mlinzi Yesaya amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Amekufa.

Inspekta Conjesta alipofika, umati ulikuwa umeshamfunga mtu kamba. Alikuwa Ngusa, mfugaji wa Kamsamba, aliyelala stendi akisubiri usafiri. Jamaa mmoja alikuwa ameshika tairi kuukuu, mwingine kidumu cha petroli.

"Weka tairi chini."

"Afande, huyu kaua. Bosi Watson kamwona."

Watson alijisogeza mbele. Kampuni yake ya ulinzi ndiyo iliyopata ruzuku ya serikali kwa ajili ya usalama wa usafiri wa umma. Kamera kumi na mbili, stendi nzima.

"Nimemwona ofisini, kwenye skrini," alisema. "Kampiga mzee spana moja ya kisogo, kisha kaitupa kwenye shimo la choo."

"Ngusa, unasemaje?"

"Nilikuwa nimelala juu ya mzigo wangu, afande. Spana naitoa wapi? Mimi nina ng'ombe, sina lori."

Mtu alicheka. Conjesta hakucheka.

Koplo Brayson aliiopoa spana shimoni. Ilikuwa na damu.

"Si nilisema?" Watson aliuliza.

Conjesta alinyoosha mkono. Vidole vyake mwenyewe vilipotelea ukunguni. Akatazama juu, mahali kamera ilipofungwa. Hakuiona hata nguzo yake.

"Brayson, leta ngazi."

"Afande, kamera ile ni mali ya serikali. Haiguswi."

"Na mimi nani, muuza karanga?"

Alipanda mwenyewe. Ganda la plastiki lilikuwa jepesi mkononi. Halikuwa na lenzi wala waya. Ndani yake nyigu walikuwa wameanza kujenga. Kamera ya pili ilikuwa vilevile, na ya tatu. Ya nne hakuipandia.

Aliwageukia watu kwanza.

"Mlitaka kumchoma mtu mzima mzima kwa ushahidi wa plastiki. Wewe mwenye tairi, usirudi nyuma. Koplo, andika jina lake."

Kisha Watson.

"Skrini yako ilionyesha nini?"

Watson aliitazama ngazi.

"Ulijua ni spana kabla hatujaitoa. Ulijua pigo ni moja. Ulijua ilipotupwa. Kamera hazioni, Watson. Nani aliona?"

"Nilikisia tu."

"Nyoosha mikono."

Pindo la mkono wa shati lilikuwa na matone mekundu, bado mabichi.

"Shati hili na spana vinakwenda maabara. Alama za vidole zitasema. Au sema wewe."

Watson alikaa chini matopeni.

"Nilimsihi," alisema. "Wakaguzi wa ruzuku wanakuja kesho. Jana mzee alipanda kufukuza nyigu, akaona ni maganda. Nikamwambia ataje anachotaka. Akasema abiria wanalala hapa wakiamini wanalindwa, lazima awaambie wakaguzi. Leo alipoiona spana mkononi mwangu akakimbia, akipiga filimbi."

"Ruzuku umeifanyia nini?"

"Nimejengea nyumba Mbeya."

"Na Ngusa alikukosea nini?"

"Mtu wa kupita, afande. Nani angemlilia?"

Conjesta aliificha mikono yake nyuma ya mgongo, isimfanyie Watson kitu ambacho sheria haikiruhusu. Brayson alimfunga pingu, kisha akamfungua Ngusa kamba. Ngusa alibaki akisugua vifundo vya mikono yake.

Gwantwa, mjane wa Yesaya, alikuwa amesimama pembeni, kanga imeanguka begani. Alikuwa amesikia yote.

"Mnampeleka, mtamrudisha," alisema. "Huyu hakuzipokea kamera peke yake. Kuna wakubwa walisaini kwamba zinafanya kazi. Ninyi mnawapigia saluti."

Conjesta alimwokotea kanga, akamfunika.

"Ni kweli, mama, tunawapigia saluti. Lakini nisikilize, na hawa wote wawe mashahidi. Kila aliyesaini kwamba maganda haya yanaona, nitamfuata mpaka kwenye kiti chake, nami nitamtoa na pingu. Wakinivua cheo, nitakwenda mahakamani kwa kitenge changu, nikatoe ushahidi."