Uduvi Wanaojivua Gamba

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, kabla jirani hajawasimulia, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, na chumvi ndicho kitu ambacho uduvi wa maji baridi hawakitaki.

Mimi ni dobi. Duka langu ni chumba cha mbele, na familia yangu inaishi vyumba vya nyuma. Kutwa nafua, naanika, napiga pasi. Doa likiniona linatafuta pa kukimbilia. Ubaya wa mtu kama mimi ni mmoja: hajui kuacha. Mke wangu husema paka wetu alitoroka kwa kuogopa zamu yake ya kufuliwa.

Mwaka jana baba mkwe alifariki. Alikuwa fundi saa. Baada ya mazishi mama mkwe alihamia kwetu na vitu viwili tu: mfuko wa nguo na tangi la kioo.

Tangi lenyewe halizidi urefu wa mkono. Ndani mna mchanga, jiwe moja, na majani mabichi ya majini yaliyoshonana kama kichaka. Pampu ndogo huvuta maji kupitia sifongo ili yachujike. Katika kichaka hicho wanaishi uduvi wekundu, kila mmoja mdogo kama kucha ya dole gumba. Marehemu aliwafuga kwa miaka minne, wao na wazazi wao.

Mama mkwe si mwongeaji. Kila asubuhi, akishakunywa chai, huchukua kioo cha kukuzia ambacho marehemu mumewe alitengenezea saa, huketi mbele ya tangi na kuhesabu.

"Thelathini na wawili," husema. "Wote wapo."

Basi siku yake imekuwa siku. Atakula vizuri. Atanisaidia hata kutafuta soksi zilizopotezana. Lakini ukisimama upande wa pili wa tangi, unaliona jicho lake ndani ya maji, kubwa kama kisahani cha chai, na uduvi wakipita mbele yake polepole. Nilijiambia nimelizoea jicho lile. Uongo. Nilikuwa napita upande ule nikitazama ukutani.

Lililonikera zaidi ni maji. Yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, kwa sababu ya jani kavu lililolala chini. Kioo cha nyuma kilikuwa na utando wa kijani. Katika nyumba ya dobi!

Siku moja mteja alichungulia ndani akacheka. "Dobi, hayo ndiyo maji unayofulia mashati yetu?"

Yeye alicheka akaenda zake. Mimi sikucheka.

Kesho yake mke wangu alimpeleka mama yake hospitali kupima macho. Mlango ulipofungwa tu, nikakunja mikono ya shati. Nilichota maji karibu yote. Nilisugua kioo mpaka kikalia kwii! Nililitupa lile jani kavu. Nilichukua sifongo la pampu nikalifua kwa sabuni, nikalisuuza mara tatu, kama ninavyofanya kwa shati la meneja. Kisha nikajaza maji moja kwa moja kutoka bombani. Yaling'aa hata ungedhani tangi ni tupu.

Mama mkwe aliporudi alisimama mlangoni.

"Mbona maji yamekuwa meupe?"

"Pengine yamejisafisha, mama," nilisema.

Alinitazama.

Asubuhi iliyofuata niliamka wa kwanza. Mwili mmoja ulikuwa umelala juu ya jani. Ulikuwa na kichwa, masharubu, miguu yote, na hata mahali pa macho. Lakini ndani hamkuwa na kitu. Niliweza kuliona jani kupitia tumbo lake. Hapakuwa na nyama wala uchafu. Ni kama kitu kilikuwa kimemnyonya mwenyewe, kikaacha umbo.

Mkondo wa pampu ukaugusa. Ule mwili mtupu ukainuka. Ukasimama kwa miguu yake mitupu, ukatembea juu ya mchanga, ukaja mpaka kwenye kioo, hapo hapo penye pua yangu. Ukatulia.

Mimi mtu mzima, mwenye ndevu, nilirudi nyuma nikamwaga chai.

"Ishirini na sita," mama mkwe alihesabu asubuhi hiyo.

Siku ya pili alisema, "Kumi na wanne." Siku ya tatu, "Kumi." Mimi sasa nilikuwa naamka alfajiri kila siku. Nilitoa ile miili mitupu kwa kijiko kabla hajaiona, nikaificha katika mfuko wa shati. Mitano. Tisa. Mchana, nikipiga pasi, niliisikia ikikatika mfukoni, taratibu, tik, tik.

Siku ya nne mama mkwe alihesabu kwa muda mrefu. "Saba," alisema. Akaweka kioo chini. Akasukuma kikombe chake cha chai bila kuionja.

"Mama, kunywa kidogo," mke wangu alimwambia.

"Baba yenu anawaita," alijibu kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja saa. "Wanaondoka mmoja mmoja. Wakiisha hawa, na mimi sina tena ninachokingoja hapa."

Hakula mchana. Hakula jioni. Mke wangu alinifuata dukani, akalia katikati ya mashati yaliyotundikwa.

"Mama anajiachia afe," alisema. "Unaona? Anajiachia."

Upepo uliingia dirishani. Mashati yote yakainua mikono kidogo, kisha yakaishusha. Nimeishi na mashati matupu miaka ishirini. Siku ile nilitoka nje kusimama juani.

Siku ya tano niliamua. Ndani ya tangi lile kulikuwa na kitu, na kitu chochote kinachokaa ndani ya kitu, dobi anaijua dawa yake. Nilichemsha maji. Nilileta ndoo na brashi.

"Unataka kufanya nini?" mke wangu aliuliza.

"Natoa kila kitu. Naosha tangi kwa maji ya moto. Kilichomo humo, kinachonyonya uduvi na kuacha miili mitupu, kitatoka."

"Kabla hujamwaga, nimuite jirani."

"Jirani wa nini? Yule anapima maji. Hapimi mizimu."

"Na wewe hupimi chochote. Weka ndoo chini."

Niliweka.

Jirani yetu ni mfanyakazi wa maabara ya idara ya maji. Kazi yake ni kupima maji ya bomba kabla hayajafika majumbani. Mkoba wake haukosi chupa za kuchukulia sampuli, ndiyo maana mtaa mzima humwita Mama Vichupa.

"Hodi!"

"Karibu, jirani."

"Shikamoo, mama," alimwamkia mama mkwe.

"Marahaba," mama mkwe aliitikia bila kugeuka.

Mama Vichupa aliinama mbele ya tangi. Alinusa maji. Kisha akaniuliza, "Hiyo miili mnayoisema iko wapi?"

Nilitoa mkono mfukoni, uso umenishuka. Vipande vyembamba, vyeupe, vikadondoka mezani. Mama mkwe aligeuka akavitazama, kisha akanitazama mimi.

"Dobi," alisema Mama Vichupa, "hebu nusa."

"Ninuse maiti?"

"Nusa!"

Nilinusa. Hapakuwa na harufu yoyote.

"Umewahi kuona maiti ya siku nne isiyonuka? Haya ni magamba. Uduvi hana mfupa ndani. Mfupa wake ni hili gamba la nje, nalo halikui. Akinenepa linambana. Basi hulipasua mgongoni, anachomoka, analiacha zima na masharubu yake."

"Kama nyoka?" mke wangu aliuliza.

"Kama nyoka. Na akishalivua, mwili wake ni laini kama ute wa yai. Mwenzake akimgusa vibaya anaumia. Kwa hiyo hujificha siku moja, mbili, hata tatu."

"Wamejificha wapi?" aliuliza mama mkwe. Ilikuwa sauti ya kwanza ya kweli tuliyoisikia kwake tangu jana.

Mama Vichupa alichukua kijiti cha kusafishia meno, akasogeza jani moja la chini.

Macho.

Yalikuwa meusi, madogo kama vichwa vya sindano, yamepangana gizani chini ya jani, mawili mawili. Alisogeza jani la pili. Macho mengine. Nyuma ya jiwe, mengine. Siku zote zile nilipokuwa nawachungulia, wao walikuwa wamekaa kimya wananitazama. Nywele za shingoni zilinisimama. Mama mkwe yeye alichukua kioo chake kwa mikono miwili akaanza kuhesabu kwa kunong'ona.

"Lakini huyu hapa amekufa kweli," Mama Vichupa alisema. Alimtoa mmoja kutoka kwenye mchanga. "Mtazameni. Gamba tupu unaona upande wa pili. Aliyekufa huoni upande wa pili. Anakuwa mweupe wa maziwa au wa waridi, kama aliyechemshwa. Aliyekufa mtoe upesi, ataharibu maji. Gamba liache. Wenyewe hulila, wapate madini ya kutengenezea gamba jipya. Wewe ulikuwa unawaibia chakula, ukikitia mfukoni."

Alipata na mwingine. Wawili.

"Sasa," alisema, akijifuta mikono. "Uduvi mmoja kujivua gamba ni kawaida. Wengi hivi kwa siku nne ni kwa sababu wameshtuliwa. Nani aliyebadilisha maji yote?"

Pampu ilinguruma. Mke wangu alinitazama. Mimi nilikuwa nasoma dari.

"Nani?"

"Mimi," nilisema. "Yalikuwa machafu."

"Ulitia ya bomba?"

"Ya bomba."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Na sifongo nililifua kwa sabuni."

Mama Vichupa alifunga macho kama mtu aliyeumwa jino.

Mama mkwe alishusha kioo. "Nami siku zote hizi namlaumu marehemu," alisema. "Kumbe ni dobi."

Mke wangu alicheka huku machozi yakimtoka. Duniani nimepigwa makofi mengi, lakini lile lilikuwa la haki.

"Sikiliza, jirani," Mama Vichupa aliendelea, sasa kwa upole. "Maji ya bomba tunayatia klorini ili kuua vijidudu. Wewe mtu mkubwa haikudhuru. Uduvi inamuunguza. Chota maji kwenye ndoo safi isiyowahi kutiwa sabuni, uyaache wazi siku moja nzima. Klorini itatoka. Mtu anayeishi mahali pengine aulize kwanza wanaosambaza maji, maana iko dawa nyingine isiyotoka kwa kusubiri. Hiyo inatakiwa dawa ya kuiondoa, huuzwa wanakouza samaki wa kufuga."

"Halafu nibadilishe yote?"

"We! Bado tu una hamu ya kufua? Mara moja kwa wiki, ondoa sehemu moja katika tano. Si zaidi. Maji mapya yasiwe baridi wala moto kuliko ya tangini, na uyatie polepole. Uduvi hapendi mabadiliko ya ghafla."

"Na sifongo?"

"Ndani ya lile sifongo wanaishi vijidudu vizuri vinavyokula uchafu wa uduvi. Ulivifuta vyote. Likiziba, likamue ndani ya maji uliyotoa tangini, basi. Sabuni isifike hapa. Hata dawa ya mbu usipulize chumba hiki."

"Lakini ule utando wa kijani kwenye kioo..."

"Ni chakula chao. Na jani kavu pia. Majani mabichi nayo hunyonya uchafu na kuwapa pa kujificha. Ulipotupa jani ulitupa mkate wao."

Alitoa mkobani karatasi za kupimia, akapima maji. Alisema kwa wiki mbili za kwanza nibadilishe kidogo sana kila siku, sehemu moja katika kumi, kwa maji yaliyokaa ndooni, mpaka sifongo lipate tena vijidudu vyake. Chakula nisitie kingi, kisibaki kuoza.

"Thelathini," mama mkwe alisema. Aligeuka. "Binti yangu, ile chai bado ipo?"

Ilikuwa imepoa. Alikunywa hivyo hivyo, na mkate vipande viwili.

Nilifuata maagizo, nikatia na jani kavu jipya. Ndoo ya uduvi niliiandika ubavuni kwa rangi nyekundu: SI YA KUFULIA. Magamba sikuyagusa tena, na kweli, asubuhi moja niliwaona wakilila gamba la mwenzao, wamelizunguka kimya kimya kama watu walio mezani. Si jambo la kutazama kabla ya kifungua kinywa, lakini ni la kawaida.

Mwezi wa pili baada ya hapo, mama mkwe aliniita kwa mara ya kwanza.

"Njoo uone, mwanangu."

Aliniwekea kioo jichoni. Uduvi jike mmoja alikuwa amebeba mayai chini ya tumbo, akiyapepea kwa miguu yake bila kuchoka. Wiki chache baadaye watoto walitoka, wadogo kama ncha ya penseli, wamekamilika masharubu na yote. Siku hizi mama mkwe hawezi tena kumaliza kuhesabu. Huanza baada ya chai ya asubuhi, na chakula cha mchana humkuta palepale. Anakula hapohapo.

Lakini maji yalirudi kuwa na rangi ya chai, na mteja yule yule alirudi na mdomo wake ule ule. Nilivumilia wiki moja. Kisha nikaenda kwa mama mkwe, kitambaa kikiwa nimekificha nyuma ya mgongo.

"Mama, mara moja tu. Nitabadilisha maji yote kwa upole. Nitasugua kidogo. Watu wananicheka."

"Hapana."

"Mama, niamini. Hii ni kazi yangu. Nimefua nguo za watu miaka ishirini, na hakuna hata mmoja aliyepata madhara."

Mama mkwe hakuondoa kioo jichoni.

"Na hao watu," aliuliza, "ulikuwa unazifua nguo zao wakiwa ndani?"