Kiungo Namba Sita wa Mukuba Rovers

Dakika ya arobaini, Mukuba Rovers na wageni kutoka Mufulira bado hawajafungana, Kapambwe Nsofwa alisimama katikati ya jukwaa la mabati akaanza kuwahutubia wenzake.

"Sikilizeni. Tuna viungo watatu lakini tunacheza na wawili na nusu. Namba nane anakimbia, namba kumi anapiga pasi, na namba sita amekuja kupunga upepo. Chisenga apumzishwe. Yule dogo Mumba aingie."

"Kaa chini kwanza," ilisema sauti ya mwanamke nyuma yake. "Mgongo wako ndio unaokaba kuliko wote. Umetuzibia uwanja mzima."

Jukwaa likaangua kicheko. Kapambwe aligeuka. Mwanamke alikuwa wa miaka ishirini na sita hivi, amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa begani kana kwamba limeshonwa akiwa ndani yake. Mkononi alikuwa na kipande cha chikanda, ile keki ya mizizi na karanga, kwenye karatasi, anakitafuna bila haraka.

"Dada, unamtetea Chisenga kwa sababu ana sura nzuri?"

"Namtetea kwa sababu akitoka, watu watapita pale katikati kama wanapita sokoni. Huyo Mumba wako ana mbio, lakini akipoteza mpira hajui kurudi. Wiki iliyopita aliupoteza mara ngapi?"

Kapambwe alichomoa daftari dogo mfuko wa nyuma. Alikuwa kinyozi, na kila Jumamosi aliandika pasi za viungo wa Rovers mmoja mmoja, kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Akafunua. "Tisa," akakiri.

"Haya basi."

"Ngoja, nikusomee na za Chisenga. Pasi thelathini na moja, ishirini na tisa kulia. Tangu Agosti hageuki kushoto. Wewe unayejua mpira, niambie kwa nini."

Mwanamke aliacha kutafuna. "Labda kushoto hakuna mtu," alisema, sauti imeshuka, na hakuongea tena hadi filimbi ya mapumziko. Kapambwe alidhani ameshinda ubishi.

Mechi ilipoisha alimfuata hadi getini, akamnunulia chupa ya munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi na mizizi. Akaambiwa jina: Lubuto, mshonaji wa sare za shule, duka lake nyuma ya soko.

"Nipe namba."

"Namba gani? Sita?"

"Ya simu, mama. Sita tutagombana nayo baadaye."

Alimpa. Asichompa ni habari kwamba Chisenga ni kaka yake wa tumbo moja. Lubuto alizoea kuificha. Watu wakishajua hushusha sauti, na yeye alipenda kuusikia mpira kama unavyozungumzwa.

Tangu siku hiyo simu haikukosa kulia saa sita mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nshima na kapenta. Wewe?"

"Bado. Nimeshika kichwa cha mtu hapa."

"Mwachie kichwa chake ukale. Asije akatoka na kipara kwa njaa yako."

Wakicheka hivyo, dakika mbili hazipiti wanarudi kwa viungo: nani arudi nyuma, nani apande. Lubuto alikuwa wa kwanza kumwona Mumba akikaa vibaya kwenye kona, na Kapambwe aliandika hilo daftarini na jina lake pembeni. Lakini likitajwa jina la Chisenga, Lubuto alikata mazungumzo. Mara mbili alifungua mdomo amwambie ukweli, mara mbili akaahirisha. Alikuwa ameshampenda, na aliogopa kwamba amechelewa kumwambia.

Jumamosi moja ya Oktoba, zikibaki mechi tatu baada ya hiyo na Rovers wakiwa katika mbio za kupanda daraja, mpira ulitoka upande wa kushoto wa Chisenga, ukampita hatua moja tu kutoka mguuni. Hakuunyanyulia hata unyayo. Mshambuliaji wa wapinzani aliuchukua akafunga. Rovers wakapoteza, mbili kwa moja. Kabla watu hawajafika makwao neno lilikuwa moja mji mzima: ameuza mechi.

Jumatatu asubuhi kinyozini kulijaa. Bwana Sichula, mkuu wa mashabiki, mtu mnene asiyevua skafu ya timu hata wakati wa joto, alisimama mbele ya kioo.

"Kapambwe, wewe ndiye mwenye daftari. Soma."

Kapambwe alikuwa na hasira ya kufungwa, na alipenda kusikilizwa. Akasoma. Kushoto pasi moja. Kushoto pasi mbili. Kushoto hakuna. Kisha akaongeza lake: "Mtu akitaka kutuuza, angecheza hivi hivi."

Mmoja wao alikuwa akirekodi kwa simu. Adhuhuri ile sauti ilikuwa kwenye kundi la mashabiki, alasiri ilikuwa kila kona ya mji wa Luanshya. Kabla jua halijazama geti la Chisenga lilikuwa limepakwa rangi nyekundu, MUUZA MECHI, na dirisha la sebuleni limevunjwa kwa mawe.

Kesho yake saa sita simu ililia kama kawaida.

"Mpenzi wangu."

"Usiniite hivyo. Ile sauti kwenye kundi ni yako?"

"Ni yangu. Lakini sikusema ameuza. Nilisema mtu akitaka..."

"Mawe hayajui 'mtu akitaka'. Wifi yangu ameshonwa mkono nyuzi tatu."

"Wifi yako nani?"

"Mwelwa. Mke wa Chisenga. Chisenga ni kaka yangu, Kapambwe. Tumbo moja."

Mashine ya kunyolea iliendelea kunguruma mkononi mwa Kapambwe. Mteja aligeuza shingo kumtazama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini, na wewe unamwita nusu mtu? Haya, sikia na la mwisho. Uliniuliza kwa nini hageuki kushoto. Jicho la kushoto limezima, tangu Agosti. Tunaojua ni watatu, wewe wa nne. Kocha akijua, mpira wake umekwisha leo hii. Daftari unalo, wasikilizaji unao. Kawasomee."

Simu ikakatika.

Siku ile Kapambwe alinyoa vichwa viwili tu, vyote vibaya. Akisema ukweli, jina la Chisenga lingesafishwa kwa siku moja, na siku hiyo hiyo angetolewa uwanjani kwa siri ambayo Kapambwe hakuwa na haki ya kuitoa. Akinyamaza, mawe yangerudi. Alilizungusha kichwani hadi Jumatano, kisha akawaita Sichula na wenzake.

"Rekodini," alisema. "Zile hesabu nilizitunga. Nilitaka Mumba apangwe, nikamzulia Chisenga. Hana kosa."

"Unasema tumekwenda kumpiga mtu mawe kwa uongo wako?" Sichula aliuliza polepole.

"Ndiyo."

"Na mkono wa yule mama?"

"Ni wangu huo pia."

"Usikanyage jukwaa letu," Sichula akasema, akatoka, na wote wakamfuata.

Siku zilizofuata kiti cha kinyozi kilikaa kitupu. Waliopita mlangoni waliinama ndani: "Kinyozi, nihesabie nywele, ila usitunge." Lubuto aliisikiliza ile sauti ya pili dukani kwake mara tatu, cherehani imesimama. Hakupiga simu. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa hakujua aiweke wapi.

Jumamosi Kapambwe aliangalia mechi akiwa nje ya uzio, upande wa kushoto wa Rovers. Dakika ya sitini mpira ulidunda juu katikati ya uwanja. Adui alikuja kutokea kushoto, akarusha mguu hewani. Wachezaji wote walirudi nyuma. Chisenga peke yake hakukwepa. Buti lilimpita usoni kwa upana wa kidole, juu kidogo ya jicho linaloona. Kapambwe aliushika uzio kwa mikono miwili.

Jumapili, watu wametoka kanisani, alibisha nyumbani kwa Chisenga. Aliyefungua ni Lubuto.

"Umefuata nini?"

"Kaka yako."

"Bado hujamaliza naye?"

"Mwache apite," ilisema sauti kutoka ndani.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kadibodi. Chisenga alikaa kwenye kiti, mkewe kando yake, mkono umefungwa bandeji. Kapambwe alipiga goti, akapiga makofi taratibu mara tatu kama anavyosalimiwa mkubwa.

"Nimekuja kuomba radhi. Kwako, kaka, na kwa mama mwenye nyumba."

Chisenga alimtazama akiwa amegeuza uso kidogo, kama alivyokuwa akimtazama kila mtu tangu Agosti.

"Ulisema ulitunga," alisema. "Hukutunga. Mimi ndiye niliyezipiga hizo pasi, nazijua. Kwa nini ukajitukana?"

"Kwa sababu ukweli wenyewe haukuwa wangu."

"Sasa?"

"Sasa nataka kukuuliza jambo moja, kisha naondoka. Jana, dakika ya sitini. Lile buti uliliona?"

"Buti gani?"

Lubuto alijiziba mdomo kwa kiganja. Mwelwa aligeuka akamtazama mumewe.

"Lilipita hapa," Kapambwe alisema, akagusa juu kidogo ya jicho lake la kulia. "Hapa, kaka. Sitamwambia mtu. Lakini nikikaa nayo moyoni bila kukuambia wewe, nitakuwa nimekurushia jiwe la pili."

"Zimebaki mechi mbili," Chisenga alisema. "Mbili tu, dogo. Miaka kumi na nne nimeitumikia timu hii."

"Najua. Nina madaftari ya miaka saba kati ya hiyo."

"Umemaliza?" Lubuto alisema, akifungua mlango. "Basi nenda. Tafadhali, nenda."

Akaenda.

Jumatatu Chisenga alimwambia kocha kuhusu jicho lake. Jumatano, mbele ya mashabiki waliokuja kutazama mazoezi, aliwaambia wote mwenyewe, amesimama wima, mikono nyuma. Sichula alivua skafu akajifuta uso, na Alhamisi alikuja na mafundi wawili wakaweka kioo kipya na kusugua lile geti hadi rangi ikatoka.

Siku hiyo hiyo saa sita mchana, Lubuto aliingia kinyozini. Alivaa sketi ya kazi, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya blauzi. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Hakuna watu," alisema.

"Hata nzi wamehama."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Nilikufukuza kwa sababu ulisema jambo ambalo mimi nimelijua tangu Agosti. Kila Jumamosi nilikaa pale jukwaani nikiomba asiumie, na sikuwahi kumwambia acha."

"Ulikuwa unamlinda."

"Nilikuwa namficha, Kapambwe. Si kitu kimoja."

"Na mimi nilikuwa nataka watu wanisikilize. Ndicho kilichomkata wifi yako mkono."

"Sijakusamehe yote."

"Sijaomba yote."

"Omba basi. Mbona umesimama tu?"

Kapambwe aliweka kitana chini. Akashika mgongo wa kiti. "Naomba nitume mshenga kwenu."

Lubuto alimwangalia kupitia kioo. "Chisenga ndiye atakayempokea," alisema. "Na Mwelwa atakuwepo. Huyo ndiye wa kumwogopa."

Rovers hawakupanda daraja, walikosa kwa pointi moja. Mumba alicheza mechi zote mbili, na Chisenga alisimama kando ya benchi akimpigia kelele arudi, arudi, hadi sauti ikamkauka.

Wiki mbili baadaye mjomba wa Kapambwe alifika kwa Chisenga na sahani mbili, moja imefunika nyingine, akaziweka mkekani na kurudi nyuma. Ukoo ukikubali, sahani hufunuliwa. Ukikataa, hurudi zilivyokuja. Chisenga, aliyepaswa kuuliza, alimwachia mkewe.

Mwelwa alimwita Lubuto katikati. Bandeji ilikuwa imeshatolewa, kovu bado jekundu.

"Huyu mtu unamjua?" aliuliza. "Sikuulizi kama unampenda. Hilo tunaliona."

"Namjua, wifi," Lubuto alisema. "Nimemwona akikosea, nawe ulimwona pia. Nimemwona akirudi peke yake, bila kuitwa na mtu."

Mjomba wa Kapambwe alitazama mkeka. Nje mtu alipita na redio ikisoma matokeo ya ligi, na hakuna aliyeyasikiliza. Kisha Mwelwa aliunyoosha mkono ule ule wenye kovu, akaifunua sahani.