Chuma Kilichong'olewa Mtua

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, saa tatu asubuhi, Felomena alifika makaburini Mtua na jembe lake begani, akakuta kaburi la mumewe halina jina.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Watu walikuwa wanaokota korosho, na moshi wa majani makavu ulikuwa unapanda mashambani. Alikuja kupalilia tu na kusali rozari, kama alivyofanya kila Alhamisi tangu Juni. Kwenye kichwa cha kaburi palikuwa na shimo jembamba. Chuma chenye jina lake kilikuwa kimeng'olewa.

Hakulia. Alisimama pale, hasira ikimpanda taratibu, kwa sababu alijua ni nani.

Chuma kile kilikuwa na kisa chake. Saturnini, mumewe, alikuwa na Landikruza kuukuu ya kubebea korosho kutoka Naipingo. Njia za kule zina visiki vya mikorosho iliyokatwa, na mara mbili kisiki kilitoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Akaenda Ruangwa kwa fundi Bwanali kuchagua kinga. Bwanali alimweleza bila kumficha: alumini ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ikipigwa inabonyea mpaka inagusa sampu, bati ni kujidanganya, chuma cha milimita tano kitalemea springi za mbele, lakini kitapanda juu ya kisiki na kuteleza. Saturnini alichagua chuma. Kikakatwa kwa kipimo cha gari lake, kikatobolewa matundu manne ya bolti na moja kubwa la kumwagia oili.

Hakuwahi kukifunga. Wiki ile ile, akiwa chini ya gari na sampu imetoboka kwa mara ya tatu, jeki iliteleza.

Felomena ndiye aliyemwomba Bwanali achomelee jina la marehemu kwenye chuma kile, kwa herufi nene, wakakisimamisha kaburini. "Kimechelewa kumkinga," alisema siku hiyo. "Basi kikae naye."

Gari lenyewe lilichukuliwa na Lukasi, mdogo wa marehemu, hata arobaini haijafika. Wakati ule Felomena alinyamaza. Safari hii aliliacha jembe pale pale makaburini, akapanda gari la abiria mpaka Ruangwa.

Alimkuta Lukasi kwenye gereji ya Bwanali, anakunywa chai, gari limeegeshwa juani. Ilikuwa saa saba mchana.

"Shikamoo, shemeji."

"Sitaki shikamoo yako. Kiko wapi?"

Lukasi alicheka. "Kipo mahali pake. Kimekatwa kwa gari hili, matundu yameingia bila hata kusukuma. Kaka ana sampu gani huko ya kukinga?"

Mafundi wawili walicheka naye. Bwanali hakucheka.

"Mimi sikukifunga, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nilipoona jina niliweka spana chini. Kakifunga mwenyewe. Jina kaligeuzia juu, kwenye injini, upande laini ukawa chini usinase visikini."

"Kifungue, Lukasi."

"Msimu ukiisha, shemeji. Korosho zinanisubiri Naipingo."

"Umechukua gari, nikakaa kimya. Leo umemvua mwenzio jina lake kaburini, unaniambia msimu? Kifungue!"

Alipiga magoti mchangani, akachungulia uvunguni. Chuma kilikuwa pale, kimekazwa, laini, kimya.

Ngo. Ngo. Ngo.

Mlio ule ulitoka juu ya chuma, baina yake na injini. Injini ilikuwa imezimwa. Uvunguni hapakuwa na mtu, Felomena alikuwa anatazama pale pale. Vumbi kidogo lilidondoka kupitia tundu la oili.

Mafundi waliacha kucheka. Wote waliujua ule mlio. Saturnini akiwa chini ya gari alikuwa anagonga mara tatu kwa spana, kisha anasema, "Washa." Na Felomena, aliyekaa kwenye usukani, anawasha. Miaka kumi na minne walifanya hivyo.

"Bismillahi," Bwanali alinong'ona.

"Ni jua," Lukasi alisema. "Chuma kinapanuka." Lakini chai ilikuwa imemwagika kwenye viatu vyake. Aliruka ndani ya gari akaondoka.

Jumamosi, saa nane mchana, simu ya Felomena iliita.

"Shemeji." Lukasi alikuwa ananong'ona. "Niko Naipingo. Kinagonga tangu asubuhi. Nimesimama, nakifungua. Nakuletea leo leo, shemeji, nisamehe. Usikate simu. Niko peke yangu."

"Sikati."

Alimsikia akijivuta kwenye mchanga, anaingia uvunguni. Alisikia spana. Bolti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Kisha kimya.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Sio mimi," Lukasi alinong'ona. "Shemeji, sio mimi."

Halafu sauti nyingine. Karibu kabisa na simu. Sauti aliyolala nayo miaka kumi na minne.

"Washa."

Gari likawaka.

Watu wa Naipingo walimkuta Lukasi chini ya gurudumu. Gari lilikuwa limesogea hatua moja tu. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali yake. Bolti zote nne zilikuwa zimekazwa mahali pake, na chuma hakikuwepo.

Felomena hakusubiri kuambiwa. Alikimbia makaburini. Chuma kilikuwa kimesimama kwenye kichwa cha kaburi. Udongo haukuchimbwa, na jembe lake lilikuwa bado pale alipoliacha. Kwenye herufi za jina oili nyeusi ilikuwa inachuruzika. Akaigusa. Ilikuwa ya moto.

"Mume wangu," alisema, meno yamebana. "Nilitaka jina lako tu. Alikuwa analirudisha! Ulimsikia. Alikuwa analirudisha!"

Akalipiga kaburi kwa viganja mpaka vikachubuka.

Lukasi alizikwa pembeni ya kaka yake. Kila Alhamisi Felomena anapeleka kitambaa, anafuta oili ile, na Alhamisi inayofuata anaikuta tena, bado ya moto. Kisha anapiga magoti katikati ya makaburi mawili. Hasira haijamtoka, wala hamfichi Mungu.

Ee Bwana, uwape raha ya milele marehemu Saturnini na marehemu Lukasi. Mwanga wako uwaangazie. Wasamehe, nami nisaidie kuwasamehe. Na yule anayegonga, Bwana, mpe usingizi. Wapumzike kwa amani. Amina.