Kwaya Juu, Kilio Chini

Bibi harusi kwenye video alipofungua kinywa kushukuru wazazi, Kisawazishi kilishausikia mvuto wa pumzi yake na kuushusha muziki. Aliponyamaza, kikaupandisha tena. Katika Dodoma ya mwaka 2094 hakuna mhariri wa video aliyegusa kitelezi cha sauti kwa kidole. Mashine hiyo ilisikiliza mikondo miwili, wa klipu na wa muziki, ikaamua yenyewe upi upande na upi ushuke. Watu waliisifu wee, hadi wakaikabidhi na masikio ya waokoaji. Upuuzi mtupu!

Nyemo, fundi sauti wa studio iliyoiunda mashine hiyo, aliletewa kazi ya kutengeneza video ya kumbukumbu ya vijana waliofukiwa walipokuwa wakijenga njia ya treni chini ya ardhi. Klipu zilirekodiwa na fukochuma, roboti yenye pua ya kuchimba na maikrofoni ubavuni. Siku za uokoaji, sauti zake zilipitia kwanza Kisawazishi, kiondoe ngurumo za mitambo, ndipo ziwafikie waokoaji. Waokoaji hawakusikia mtu. Uchimbaji ukasitishwa.

Sasa Nyemo aliona kwenye kioo kwamba mkondo wa klipu ulikuwa umeshushwa mpaka chini kabisa. Lakini mawimbi yake yalikuwa na vituo, kama ya mtu anayepumzika ili aite tena. Akazima Kisawazishi na kufungua sauti ghafi.

"Jamani, tuko huku! Tuko hai!"

Alimwendea mkuu wa studio, Bwana Masagasi, na spika mkononi. Hata hodi hakupiga.

"Walikuwa wanaita, Bwana! Sikiliza!"

Masagasi alisikiliza, akaketi polepole.

"Kilidhani ni msiba," alisema.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunza mashine kwa video za harusi na misiba za studio. Na kwenye video za misiba, familia zote huomba jambo moja: vilio vizamishwe chini ya nyimbo, ndugu walio mbali wasije wakazimia. Kwaya juu, kilio chini, ndiyo iliyokuwa sheria ya wahariri wote wa mji. Mashine ikajifunza kwamba sauti iliyokatika kwa kilio ni ya kushushwa. Hakuna aliyeiambia kwamba hata anayeomba kuokolewa hulia.

"Lakini kilifaulu majaribio yote," Masagasi alijitetea.

"Majaribio ya ukumbini!" Nyemo alipiga meza. "Mmechukua mashine ya harusi na matanga, mkaituma kutafuta watu walio hai!"

"Punguza sauti, mwanangu."

"Sipunguzi! Zimepunguzwa za kutosha!"

Masagasi alifuta jasho. "Wazazi wameshaanua matanga. Weka kwaya, tuwaache wapumzike. Haya yakijulikana, studio itafungwa."

"Na ifungwe."

Hata hivyo, hasira haikumtoa Nyemo adabu. Habari ya namna ile mzazi hasikilizishwi mbele za watu bila kuandaliwa. Alikwenda nyumbani kwa Mama Elia, aliyekuwa msemaji wa wafiwa, akapiga magoti na kumweleza yote.

Mama Elia alimwinua, akamketisha.

"Waliniambia mwanangu alikufa palepale," alisema. "Waliniambia hakuteseka. Mimi nikamshukuru Mungu kwa hilo."

"Pole, mama. Mkitaka kwaya, nitaiweka. Uamuzi ni wenu."

Mama Elia aliwaita wafiwa wenzake, wakajifungia chumbani. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imenyooka.

"Itoe kwaya. Na hao wakubwa wa studio na wa uokoaji waketi viti vya mbele."

Siku ya kumbukumbu Nyemo alishika kitelezi kwa kidole chake mwenyewe, akauteremsha muziki hadi sifuri. Ukumbi ukajaa mlio wa mchanga unaoporomoka, kikohozi, bomba linalogongwa. Kisha sauti ya kijana, imekauka, inaita kwa nguvu zake zote.

"Mama! Mama wee!"

Wakubwa waliinamia viatu vyao. Masagasi alinyoosha mkono kuomba sauti ipunguzwe, na Nyemo akaipandisha.

Mama Elia alisimama katikati ya ukumbi.

"Naam, baba," aliitika. "Sasa nakusikia."