Menike na Kengele ya Geti la Reli

Menike ana mikono miwili tu. Lakini ungemwona asubuhi, ungeapa ana sita.

Mkono mmoja unamimina rojo ya mchele na tui kwenye karai. Mwingine unalizungusha karai, rojo ipande ukingoni. Bega linashikilia simu sikioni. Mguu unasukuma makaa ya vifuu jikoni. Na mdomo unamgombeza mumewe.

"Gunapala! Unakuna nazi au unaibembeleza?"

"Nazi haina haraka, mama," Gunapala anajibu.

"Mimi ninayo!"

Makarai sita yako motoni. Kila karai linatoa appa moja, mkate mwembamba wenye umbo la bakuli. Ukingo wake ni kama lesi, katikati ni laini. Pale kwetu, kando ya reli ya kwenda mji wa Galle, hakuna aliyemfikia Menike kwa appa.

Appa zikijaa kapu, Menike hutoka mbio kuzipeleka kantini ya shule, ng'ambo ya reli. Geti likiwa limefungwa, yeye huinama na kupita chini yake. Mlinzi wa geti, Nandawathi, ana sauti ya kuamsha kituo kizima.

"Menike! Siku moja treni itakula appa zako, na wewe uwe mchuzi!"

"Nimechelewa, dada Nanda!"

Amechelewa. Kila siku amechelewa.

Basi mwezi mmoja kabla ya Vesak, sikukuu kubwa ya hekalu letu, mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Akizungusha karai, rojo inakwenda upande mmoja. Appa zikatoka zimechanika. Usiku hapati usingizi. Moyo unadunda kama ngoma ya hekaluni.

Akaenda zahanati. Muuguzi akampima.

"Shinikizo la damu liko juu, mama. Dawa hizi utameza kila siku, usiruke. Na upunguze haraka."

"Sista, haraka inapunguzwa na kidonge kipi?"

"Hicho sina. Usipoipunguza, utayaacha makarai."

Kuyaacha makarai! Menike alirudi nyumbani. Alikuwa ameahidi kutengeneza appa elfu moja siku ya Vesak. Siku hiyo kila mtaa hulisha wapita njia bure. Mkono ukigoma, nani atashika upawa? Gunapala? Gunapala aliwahi kujaribu. Appa yake ilitoka kama sikio la mbuzi.

Menike akaamua kutuliza akili. Na akaamua kuituliza upesi.

Siku ya mwezi mpevu, siku ya ibada na mapumziko, alivaa nguo nyeupe, akaenda hekaluni kutafakari na wenzake. Watu mia walikaa sakafuni, macho wamefumba. Kimya. Hata nzi waliheshimu.

Menike naye alifumba macho. Lakini kichwani kulikuwa na nazi ishirini, kuni, mchele wa kuloweka. Mara akaona karai linatoa moshi. Akapiga kelele:

"Gunapala! La tatu linaungua!"

Watu mia wakafumbua macho. Bibi mmoja aliyekaa mbele akageuka, akauliza taratibu, "Limeungua sana?"

Hekalu zima likacheka. Menike akashika viatu vyake, akaondoka.

Alipofika relini, geti lilikuwa limefungwa. Akainama kupita. Nanda akamkamata nguo kwa nyuma. Treni ikapita na upepo wake. Ilikuwa hatua tatu tu mbele yao.

Menike akakaa chini.

"Sasa ulikuwa unakimbilia wapi?" Nanda aliuliza. "Leo hata kantini imefungwa."

Menike alifikiri. Akaanza kulia.

"Nimejaribu kutafakari, dada. Mimi siwezi. Akili yangu ni tumbili."

"Kwani yangu ni ng'ombe? Mwaka wa kwanza hapa getini nilitaka kurusha mawe treni zikichelewa. Kisha mtawa mmoja wa kike aliyekuwa akivuka hapa akanifundisha. Unaisikia kengele hii ya kufunga geti ukiwa jikoni?"

"Hata nikiwa kisimani naisikia."

"Basi ikilia, epua makarai. Weka upawa chini. Kaa, miguu yote miwili iguse ardhi. Vuta pumzi, itoe polepole, hesabu moja. Ukifika kumi, inatosha."

"Na nikiwaza nazi?"

"Utaziwaza! Ukigundua, sema moyoni, 'nazi,' halafu rudi kwenye pumzi. Usijigombeze. Mgombeze Gunapala, amezoea."

Menike akacheka huku machozi yanatoka.

"Na jioni ujiulize jambo moja: leo nilikimbilia nini, na je, chenyewe kilikuwa kinanikimbia?"

Siku ya kwanza kengele ililia, Menike akahesabu hadi tatu, kisha akawaza mchele. Akarudi kwenye moja. Siku ya pili alifika nne. Gunapala alimchungulia mlangoni.

"Unaumwa?"

"Nyamaza. Tano."

Jioni alijiuliza lile swali la Nanda. Akashtuka. Kantini hufunguliwa saa moja na nusu. Yeye hufika saa moja kasorobo, kisha hukaa kwenye ngazi akingoja mlango! Miaka tisa amekuwa akiinama chini ya geti ili awahi kungoja.

Kesho yake alingoja geti lifunguliwe. Nanda alimpigia saluti.

Wiki ya tatu alirudi zahanati. Muuguzi alipima mara mbili.

"Limeshuka. Endelea na dawa, na hicho unachofanya usikiache."

Siku ya Vesak ikafika. Taa za karatasi zilining'inia kila mlango. Foleni ilianzia jikoni kwa Menike hadi dukani. Mbele alisimama Sumane wa mtaa wa pili, mtu wa kelele.

"Nimesikia leo tunakula vipande!" alisema.

Menike akamimina, akazungusha. Appa ikatoka nzima, ukingo wa dhahabu. Akampa. Sumane akala, akalamba vidole, akarudi nyuma ya foleni apange tena.

Kazi ilipopamba moto, kengele ikalia. Menike akaepua makarai sita. Akaweka upawa chini, akakaa.

"Mama, treni haina njaa, sisi tunayo!" Sumane alipayuka.

"Kaka, vuta pumzi," Gunapala alisema. "Anza na moja."

Mmoja akajaribu, kisha mwingine. Foleni yote ikanyamaza, ikipumua pamoja, mpaka treni ikapita. Menike akainuka. Mkono haukutetemeka.

Appa elfu moja zilitoka jikoni siku hiyo, na hakuna iliyochanika. Ya mwisho hakumpa mtu. Aliifunika kwa jani la mgomba, akaelekea relini.

Kengele ikalia. Geti likashuka mbele yake. Ng'ambo alisimama Nanda, mikono kiunoni.

"Menike! Appa yangu inapoa!"

Menike alikuwa amesimama wima nyuma ya geti, miguu yote miwili ardhini.

"Saba, dada," alijibu. "Bado tatu."