Shimo Chini ya Karakana

Ndugu zangu, sogeeni niwape kisa cha nyumba moja iliyokuwa ukingoni mwa mto, maana yaliyowafika wale yanaweza kumfika yeyote mwenye tamaa na sepetu.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa na sauti mbili: cherehani barazani na randa karakanani. Mke alikuwa mshonaji, na watu walimwita Mama Mkasi, kwa kazi yake na kwa ulimi wake pia. Mumewe alikuwa seremala. Kitanda alichokiunga yeye hakilii hata kikilaliwa na tembo. Mama mzazi wa seremala, mzee ambaye macho yalikwisha kumpungukia, alipenda kukaa karakanani, akinusa maranda na kumsimulia mwanawe habari za ujana wake. Riziki ilipatikana, na kicheko hakikukosekana.

Basi mvua kubwa ikamega ukingo. Seremala aliposhuka mtoni kunawa, akaona kitu kinameta udongoni. Akakichokoa kwa patasi. Kilikuwa jiwe angavu kama kioo, lenye pembe zilizonyooka utadhani limepigwa randa. Akalipeleka kwa mnunuzi wa vito sokoni, naye akaligeuzageuza juani, kisha akasema, "Lete mengine."

Maneno mawili tu hayo, na yalitosha kumpokonya mwanamke mume.

Seremala akaanza kuchimba. Mwanzoni alichimba baada ya kazi, kisha kabla ya kazi, mwisho kazi yenyewe ikawa ndiyo hiyo. Milango ya watu ikabaki bila bawaba. Kijana mmoja aliyekaribia kuoa alikuja kufuata kitanda chake, akakikuta na miguu mitatu.

"Nimwambie bibi harusi alale kwa zamu?" aliuliza.

Mama Mkasi alicheka kwa mdomo tu. Moyoni aliona aibu.

"Baba watoto," alimwambia mumewe aliporudi na matope hadi kwenye nyusi, "watu wanaulizia kazi zao."

"Wasubiri. Nimeupata mshipa wa mawe, unaingia ndani ya ukingo."

"Unaelekea wapi?"

Seremala alinawa mikono polepole. "Ndani," alisema.

Hakusema kwamba ndani huko ndiko chini ya karakana yake mwenyewe.

Haukupita muda, mlango wa karakana ukaanza kukwama. Seremala akaupiga randa, ukafungika. Ukakwama tena, akaupiga randa tena. Mama Mkasi alisimama pembeni, futi ya utepe shingoni, akimtazama. Seremala gani asiyejua kwamba mlango haukwami bure? Hapo ndipo alipoelewa. Mumewe anajua. Anajua ardhi inalegea, mama yake anakaa juu yake, na bado anachimba.

"Nyumba inakwambia kitu, baba watoto."

"Mbao zimevuta maji tu. Ni mvua."

"Mvua imekatika zamani."

"Kimebaki kidogo, mke wangu. Wewe shona, udongo niachie mimi." Akachukua sepetu, akateremka.

Enyi mnaonisikiliza, wapo ambao wangekaa wakanuna. Mama Mkasi hakununa. Alimshika mkwewe mkono.

"Mama, leo utanisimulia mimi. Twende barazani."

"Nimekosa nini, mwanangu?"

"Hujakosa kitu. Karakana hii ndiyo siiamini tena."

Alipomkalisha salama, akaenda moja kwa moja kwa jirani yao mwashi. "Shemeji, njoo uutazame ukingo wetu. Ukiniambia nina wasiwasi wa bure, nitakuomba radhi."

Mwashi hakupata nafasi ya kuombwa radhi. Walikuwa wanashuka njia ya mtoni ardhi ilipoguna. Karakana ikainama taratibu kama mtu anayetafuta alichoangusha, kisha ikaporomoka yote, paa, benchi na misumeno, kuelekea mtoni. Na kutoka chini ya vumbi ikasikika sauti ya mtu.

Udongo ulikuwa umemfukia seremala hadi kifuani, na mguu wake umebanwa na benchi. Mama Mkasi aliita mtaa mzima. "Mwenye sepetu aje nayo, asiye nayo aje na sufuria." Mwashi akawazuia watu kukanyaga juu, akaegemeza mbao ili udongo usizidi kuteleza. Mke akachimba kwa mikono, kucha zikakatika.

"Mama yuko wapi?" seremala alinong'ona.

"Sasa ndiyo unauliza?" Kisha, kwa sauti ya chini, "Yuko barazani. Nilimtoa."

Seremala akalia mbele ya wateja wake wote, na hakuna aliyemcheka.

Walimtoa akiwa hai. Mguu uliunga, lakini haukunyooka, na vifaa vyake vingi vilikwenda na maji. Msidhani mawe yale yalikuwa bandia. Yalikuwa mazuri kweli, na fedha zake zote ziliishia hospitalini. Mnunuzi wa vito alipokuja kutoa pole, akauliza kama mshipa ulikuwa umekwisha.

"Haujakwisha," Mama Mkasi alimjibu. "Ila uko chini ya nyumba yangu, na nyumba yangu haiuzwi kwa vipande."

Leo ukingo ule umejengewa kwa mawe ya kawaida na kupandwa matete. Seremala anafanya kazi barazani kwa vifaa vya kuazima, na mkewe akizungumza, huacha kwanza kugonga nyundo.

FUNZO

Kutafuta si dhambi, na mto ukikupa jiwe zuri, shukuru. Lakini tamaa haianzi kula kwa jirani, huanza kwa mwenyewe: inakula kazi yako, kisha heshima yako, kisha ardhi wanayoikanyaga wanaokupenda. Ukishajua kuna hatari ukaitafutia kisingizio, huo si ujinga tena, ni ukatili. Nanyi mnaoishi na mtu wa namna hiyo, msingoje akubali kosa ndipo muokoe walio chini ya paa lake. Watoeni kwanza. Ubishi utasubiri.