Baada au Badala

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, bibi alirudi kwenye cherehani yake na kumwita mjukuu wake alete maji. Mtaani msichana huyo aliitwa Redio, kwa kuwa habari haikulala tumboni mwake. Pamoja na maji, alimletea bibi kidonge cha statini, dawa ya kupunguza kolesteroli, yaani yale mafuta yanayojibandika ndani ya mishipa ya damu. Siku moja bibi alibanwa na kifua hadi akaangukia sare za shule alizokuwa akizishona. Tangu hapo daktari alimwonya asikose dawa hiyo ya moyo.

Baadaye tumbo nalo likaanza vituko. Lilijaa gesi, na kila mteja aliyeleta kitambaa alisimuliwa habari zake, atake asitake. Shangazi yake Redio, aliyefanya kazi katika duka la dawa mji mwingine, akatuma kopo la probiotiki. Redio alishangaa kusikia kwamba ndani ya vidonge vile mna bakteria. Shuleni walifundishwa kunawa mikono ili kuwafukuza bakteria, na leo bibi alitumiwa kopo zima.

"Hao ni wale wazuri, wanasaidia tumbo," shangazi alimweleza kwenye simu, huku akicheka. Kisha akatoa maelekezo ya kumeza. Bibi alikuwa akikanyaga cherehani kwa nguvu, na huko nje wenzake Redio walikuwa wakimwita akaruke kamba. Neno moja likapotelea katikati ya kelele hizo. Redio akaitikia, "Sawa, shangazi," akakata simu.

"Kasemaje?" bibi aliuliza.

"Umeze hivi badala ya vile vya moyo."

Bibi akasimamisha gurudumu la cherehani. "Badala? Una hakika?"

Redio hakuwa na hakika hata kidogo. Lakini kupiga simu tena kungemchelewesha, na zamu yake ya kuruka ilikuwa imekaribia. "Nina hakika, bibi," alisema, mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango.

"Haya. Mwenye kuzijua dawa ni yeye." Bibi alikuwa amechoka kumeza vidonge, kwa hiyo hakubisha.

Wiki kadhaa zikapita, ikafika siku ya bibi kwenda kliniki. Redio alimsindikiza. Daktari alisoma majibu ya damu, akayasoma tena, halafu akavua miwani.

"Mama, ile dawa ya kolesteroli unaimeza?"

"Niliambiwa niiache. Siku hizi nameza bakteria."

Daktari akamgeuzia bibi karatasi ya majibu. "Kolesteroli yako imepanda kuliko hata siku ile ulipoanguka," alisema. "Ungeendelea hivi, tungeweza kukupoteza."

Redio alimtazama bibi yake, mikono yake yenye alama za sindano, akashindwa kuamini kwamba neno alilolitupa mlangoni ndilo lililowafikisha hapa.

"Nani aliyekushauri?" daktari aliuliza.

"Binti yangu wa kumzaa," bibi alijibu. Akatoa simu na kumpigia palepale, sauti ikasikika chumba kizima. "Mwanangu, nimekukosea nini hata utake kuniua?"

"Mama, nilisema baada," shangazi alijibu kwa mshtuko. "Baada ya vile vya moyo. Ningewezaje kukuambia badala?"

"Usiruke. Mtoto alikusikia kwa masikio yake. Mjukuu wangu, waambie alivyosema."

Wote wakasubiri. Redio alijua kwamba akisema "badala" mara moja tu, lawama zote zitabaki kwa shangazi. Upande wa pili wa simu, shangazi alikuwa ameanza kulia. Kilio kile kilimchoma Redio.

"Sikumsikia vizuri," alisema. "Uliponiuliza kama nina hakika, bibi, nilikudanganya. Nilitaka kuwahi kucheza."

Bibi aliivuta simu karibu na mdomo. "Nisamehe, mwanangu. Nimekuhukumu bure." Kisha akaifuta miwani yake iliyolowa.

Daktari aliandika upya dawa ya moyo. "Kwako wewe, mama, probiotiki na statini vinaweza kwenda pamoja, maadamu sisi tumejulishwa. Lakini moja haichukui nafasi ya nyingine. Na dawa ya moyo haiachwi kwa salamu za simu. Ungeniuliza kwanza."

Bibi aliitikia kwa kichwa, akamgeukia mjukuu wake aliyekuwa akilia kwa kwikwi, akamvuta karibu.

"Sikio hukosea, hilo nimekusamehe," alimwambia. "Kuuliza si ujinga, ungempigia tena tu. Kilichotaka kuniua ni ile 'nina hakika' ya uongo. Na leo ungeirudia, ningepona moyo halafu nikampoteza binti yangu. Ukiwa hujui, mjukuu wangu, sema hujui."

"Nimesikia, bibi."

"Umesikia nini?"

Redio alifuta machozi, akarudia maneno ya bibi yake yote, taratibu, bila kuruka hata moja.